Maumivu yalipanda wiki ya tano: uchambuzi wa kisa cha tiba ya mtandaoni kwa mtoto mwenye maumivu sugu ya tumbo

Kisa hiki kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watoto wengi wenye maumivu sugu ya tumbo. Si picha ya familia moja, na namba za mtoto zimewekwa ili mwendo wa tiba uonekane. Mhusika ni binti wa miaka 11 mwenye kilo 34, ambaye ameumwa tumbo kuzunguka kitovu kwa miezi 14. Alipewa tiba ya kisaikolojia kwa njia ya mtandao kwa wiki 10, yeye akiwa na masomo yake na mama yake ya kwake. Tiba ilifanikiwa, ila wiki ya tano nusura iachwe, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu wiki hiyo.

Alivyofika

Maumivu yalianza kwa kuharisha na homa kwa siku nne. Kuharisha kuliisha, tumbo likaendelea kuuma. Hilo si jambo geni: baada ya maambukizi ya utumbo, mishipa ya fahamu iliyo kwenye ukuta wake inaweza kubaki na wepesi wa kuhisi kwa miezi mingi, hata ukuta wenyewe ukiwa umeshapona. Gesi ikipita, au utumbo ukijikunja kusukuma chakula, mtoto mwingine hasikii kitu; huyu anasikia maumivu ya kweli. Ubongo nao hujifunza upesi kulichunga tumbo, na linavyochungwa ndivyo linavyozidi kusikika.

Katika miezi hiyo 14 alikuwa ameonwa na madaktari watatu, amepigwa ultrasaundi mara mbili, amepewa dawa za minyoo mara tatu na dawa ya kupunguza asidi kwa wiki sita. Orodha ya vyakula alivyokatazwa ilianza na maziwa, ikaongezwa ngano, ikafuata maharage, mwishowe kila chenye mafuta. Kati ya siku 60 za mwisho za shule alikosa 23. Wiki alizohudhuria, mama alipigiwa simu akamchukue karibu mara mbili.

Kabla ya kuzungumzia saikolojia, daktari wa watoto alirudi kwenye misingi. Dalili za hatari ziliulizwa moja moja: maumivu yanayomwamsha usingizini, maumivu yaliyojikita upande mmoja wa tumbo hasa kulia, kutapika kusikokoma au matapishi ya kijani, damu kwenye choo, kuharisha usiku, kupungua uzito, kusimama kwa ukuaji, kuchelewa kubalehe, homa isiyo na sababu, shida ya kumeza, viungo kuvimba, vidonda karibu na njia ya haja kubwa, na ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhurika kwa ngano) au uvimbe sugu wa utumbo. Hakuna kilichopatikana. Chati ya ukuaji ilionesha mstari uleule tangu akiwa na miaka sita. Picha kamili ya damu, CRP (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini), mkojo na kipimo cha vimelea kwenye choo vilikuwa sawa, na kalprotektini ya choo, protini inayopanda utumbo ukivimba, ilikuwa chini ya mikrogramu 50 kwa gramu, yaani kawaida.

Mambo mawili hapa huwaponyoka wengi. La kwanza ni kipimo cha siliaki. Mtoto alikuwa ameacha ngano kwa miezi mitano, na mtu asiyekula ngano anaweza kupata majibu safi hata kama ugonjwa anao. Alirudishwa kwenye ngano, zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki sita, ndipo kikapimwa upya pamoja na kiwango cha jumla cha IgA, aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitegemea, kwa sababu mwenye upungufu wa IgA hutoa majibu safi ya uongo. Majibu yalikuwa safi. La pili ni choo kigumu. Alikwenda haja kubwa mara mbili kwa wiki, choo cha vipande vidogo vigumu. Akapewa poliethilini glikoli, dawa ya kulainisha choo, gramu 0.4 kwa kila kilo, yaani kama gramu 14 kwa siku. Laiti maumivu yangeisha choo kilipolainika, kisa kingeishia hapo: lilikuwa tatizo la kufunga choo, na wala haitwi mtu wa saikolojia. Choo kililainika ndani ya wiki mbili, lakini hadi wiki ya nane tumbo lilikuwa bado linauma siku tatu au nne kila wiki. Kwa vigezo vya Roma IV vya mwaka 2016, vya kimataifa vya kutambua matatizo ya aina hii, maumivu ya siku zisizopungua nne kwa mwezi, kwa miezi isiyopungua miwili, yanayoambatana na mabadiliko ya choo, huitwa utumbo wenye hisia kali wa aina ya kufunga choo. Vigezo hivyo havitaki mtoto apimwe kila kitu kilichopo duniani. Vinataka uchunguzi unaotosha.

Kilichobaki ni namna ya kuiambia familia, na hapa maneno yana uzito kama dozi ya dawa. "Vipimo viko sawa, hana kitu" mzazi huisikia kama "mwanao anadanganya". Walichoambiwa ni hiki: "Maumivu ni ya kweli. Jina la tatizo tunalo. Utumbo haujaharibika, ila mfumo wa kengele kati ya utumbo na ubongo unalia kwa mambo madogo, na kengele hiyo inaweza kufundishwa kutulia. Hatuongezi vipimo, isipokuwa dalili zikibadilika." Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Familia inayosubiri kipimo kingine haifanyi mazoezi ya tiba hii kwa moyo, na haina kosa. Nani angemtuma mtoto akaruke kamba huku akihofia kuna kitu tumboni?

Kwa nini mtandao, na kwa nani haufai

Ushahidi wa tiba hii haukuanzia kwenye simu. Tiba ya utambuzi na tabia, yaani kubadili mawazo na matendo yanayoyakuza maumivu, kwa watoto wenye tumbo sugu imechunguzwa ana kwa ana kwa miongo kadhaa. Shida ni kwamba wataalamu wanaoimudu ni wachache na wako mbali na watoto wengi. Huko Stockholm, Sweden, kundi la chuo kikuu cha tiba cha Karolinska Institutet liliijaribu kwenye mtandao: mwaka 2017 Marianne Bonnert na wenzake walichapisha jaribio la vijana 101 wa miaka 13 hadi 17, na mwaka 2019 Maria Lalouni na wenzake wakafuata na watoto 90 wa miaka 8 hadi 12, tiba ya wiki 10 ikilinganishwa na matibabu ya kawaida. Waliopata tiba walipungukiwa dalili za tumbo kuliko wenzao. Marekani, kundi la Tonya Palermo la Seattle lilichapisha mwaka 2016 jaribio la vijana 273 wenye maumivu sugu ya aina mbalimbali, tumbo likiwemo. Huko tofauti kati ya makundi ilionekana zaidi kwenye shughuli ambazo maumivu yaliwazuia kufanya. Msomaji aishike hiyo, maana wiki ya tano itaihitaji.

Mtindo wa Stockholm, ambao programu ya binti huyu iliufuata kwa karibu, umejengwa juu ya kukabili. Mtoto anakaribia kwa makusudi yale anayoyakwepa kwa kuogopa maumivu: chakula, nguo inayobana, mchezo, safari isiyo na choo karibu. Lengo la kwanza ni hofu ipungue na maisha yarudi. Maumivu hufuata nyuma.

Si kila mtoto anafaa kupewa hii kwa mbali. Binti alihojiwa kwa video akiwa peke yake kwa dakika 20, akiwa na visikizio masikioni, na maswali mazito yakiulizwa kwa namna ya kujibika kwa ndiyo au hapana ili aliye chumba cha pili asielewe kinachoulizwa. Aliulizwa kama kuna anayemuumiza au kumtisha nyumbani au shuleni, kama amewahi kutaka kufa, na kama anaacha chakula ili apungue. Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo lingebadili njia. Mtoto anayeonewa shuleni hafundishwi kuvumilia shule. Uwezo wa kusoma ulipimwa kwa kumpa aya moja ya somo la kwanza aisome kwa sauti. Akaunti zikafunguliwa mbili, kila moja na nywila yake: mama haoni ujumbe wa mtoto, na mtoto alielezwa mapema ni mambo gani, yale ya hatari kwa maisha yake, ambayo mtaalamu anayeongoza tiba hatayafanya siri. Waliambiwa pia kwa maandishi kwamba mfumo hausomwi usiku wala mwisho wa wiki, na dharura huenda hospitali.

Vipimo vya kuanzia vilikuwa viwili. Dodoso la vipengele 15 la Lynn Walker na John Greene la mwaka 1991, linalouliza ugumu wa kutembea, kula, kwenda shule na kadhalika: alipata 27 kati ya 60, ambapo 13 hadi 29 ni ugumu wa kati na 30 kwenda juu ni mkubwa. Na maumivu mabaya kuliko yote ya wiki, kwa kipimo cha 0 hadi 10: 7.

Wiki nne za kwanza

Wiki ya kwanza ilikuwa ya maelezo. Ya pili ilikuwa ya kuorodhesha anachokikwepa na anachokifanya ili kuyatuliza maumivu. Ya tatu, ngazi ya mazoezi. Ngazi yake, kwa alama za hofu alizozitoa mwenyewe, ilipanda hivi: kula kifungua kinywa nusu na kukaa dakika 20 bila kwenda chooni (3), kuvaa sketi inayobana kiunoni kwa saa moja (4), maziwa nusu glasi (5), kuruka kamba mara 30 tumbo likiwa linauma (6), kwenda shule bila dawa mfukoni (6), kula maharage mchana kisha kusafiri saa nzima kwenye gari (7), siku kamili ya shule bila simu ya nyumbani (8), kulala kwa rafiki (9).

Kuhusu maziwa, kabla ya kuingia kwenye ngazi hesabu ilifanywa. Kuyaacha kwa miezi kumi hakukubadili chochote. Mililita 120 zina kama gramu 6 za laktosi, na hata wengi wasiomeng'enya laktosi vizuri huweza gramu 12 kwa mara moja bila taabu ya maana. Zoezi la kukabili haliwekwi juu ya kitu chenye madhara ya kweli, kwa hiyo hesabu ya namna hii hutangulia siku zote.

Mama naye alikuwa na yake. Sehemu ya mzazi si nyongeza. Katika umri huu ni nusu ya tiba. Alijifunza kuacha swali la asubuhi, "Tumbo linaendeleaje, mwanangu?", na badala yake kuuliza kuhusu siku yenyewe: "Leo mna somo gani la kwanza?" Mtoto akilalamika, anamjibu mara moja kwa upole, "Najua linauma, mwanangu, pole," kisha mazungumzo yanahamia kwenye kinachofanyika. Dakika 15 kila siku za kukaa na mtoto zilipangwa, siku ya maumivu na siku isiyo na maumivu sawasawa, ili ukaribu wa mama usiwe unanunuliwa kwa tumbo. Na siku ya kubaki nyumbani kwa ugonjwa iwe ya ugonjwa: kitanda, kitabu cha shule, hakuna simu wala televisheni mpaka saa za masomo ziishe. Hilo linawekwa kama utaratibu wa nyumba, bila hasira.

Wazazi wengi huliona hili kama ukatili, na hisia hiyo imewahi kupimwa. Mwaka 2006 Lynn Walker na wenzake walichapisha jaribio ambapo watoto walinyweshwa maji mpaka tumbo likajaa, kisha wazazi wakaelekezwa ama kuyashughulikia maumivu kwa maneno ama kuhamisha mazungumzo. Maumivu yaliposhughulikiwa, malalamiko ya watoto yalikaribia mara mbili ya wale ambao wazazi wao hawakuelekezwa chochote. Mazungumzo yalipohamishwa, yalishuka kwa nusu. Wazazi wa watoto wenye maumivu walidhani kuhamisha mazungumzo ndiko kutakakowaumiza watoto. Watoto wenyewe walisema wazazi waliohamisha mazungumzo ndio waliowafanya wajisikie nafuu.

Wiki ya tano

Siku ya pili ya wiki ya tano mama aliandika: "Daktari, nimejitahidi, lakini mwanangu anateseka zaidi. Wiki hii maumivu ni 8. Kabla ya programu hayakuwa hivi. Baba yake anasema tumrudishe akapimwe kwa kamera. Naomba tusimamishe kwanza."

Kwa sura ya juu, tiba ilikuwa inashindwa. Dodoso lilitoka 27 likafika 25 tu, na maumivu yalitoka 7 yakafika 8. Mwelekeo wa kwanza wa mtaalamu mwenye huruma ni kupunguza mazoezi. Ingekuwa vibaya, kwa kuwa tatizo halikuwa ukali wa mazoezi. Kumbukumbu za mfumo zilisomwa upya mstari kwa mstari, na zikaonesha mambo manne.

Kwanza, saa za kuingia. Akaunti ya mtoto ilifunguliwa saa 4:40 usiku, kwa dakika sita, kutoka simu ileile ya mama. Na majibu yenyewe: kwenye swali "Unaogopa nini kitatokea?" liliandikwa "Hofu ya kukosa masomo kutokana na changamoto za kiafya." Hakuna mtoto wa miaka 11 anayeandika hivyo. Mama, kwa nia njema, alikuwa anamaliza masomo ya mtoto ili wiki isipite, na mtaalamu alikuwa anamtibu mama kwa jina la mtoto kwa muda wa wiki mbili.

Pili, mazoezi yalikatizwa mahali pabaya kuliko pote. Rekodi ya maziwa ilisomeka: "Alikunywa. Baada ya dakika 15 tumbo likauma, akakimbilia chooni, akalala na chupa ya maji ya moto." Mtoto aliyefanya hivyo amejifunza kitu, na alichojifunza ni kwamba maziwa ni hatari na choo ndicho kilichomwokoa. Angekuwa hajayanywa kabisa, hofu ingekuwa ndogo kuliko ilivyokuwa jioni ile.

Tatu, tabia za kujilinda zilikuwa zimejificha ndani ya mazoezi yaliyoonekana kukamilika. Alikwenda shule, ndiyo, lakini baada ya kuingia chooni mara tatu kabla ya kutoka, akiwa na parasetamoli kwenye soksi na mkono mmoja tumboni chini ya dawati. Hata pumzi za taratibu alizofundishwa wiki ya pili zilikuwa zimegeuka: alizitumia kila tumbo lilipotekenya ili maumivu yasije. Wataalamu wanatofautiana kuhusu mazoezi ya pumzi kwenye tiba hii. Msimamo wetu ni kwamba yanafaa kwa kulala na kutuliza mwili mwisho wa siku, na yanaharibu zoezi la kukabili yakitumiwa ndani yake.

Nne, upimaji. Programu iliruhusu kurekodi maumivu kila siku, na familia ilirekodi mara tatu kwa siku, mama akiuliza na mtoto akijibu namba. Swali la asubuhi lililofukuzwa mlangoni lilikuwa limerudi kwa dirishani likiwa na nembo ya programu.

Ukiongeza hapo kwamba mtoto alikuwa ameanza kweli kugusa vyakula na shughuli alizozikwepa zaidi ya mwaka, 8 haishangazi. Kupanda kidogo kwa maumivu mazoezi yanapoanza ni jambo la kutarajiwa, na familia ilitakiwa kuambiwa hivyo wiki ya tatu, kabla ya zoezi la kwanza. Somo la mzazi lilikuwa na sentensi moja kuhusu hilo, aya ya tisa, ambako hakuna anayefika akiwa amechoka.

Jibu la mtaalamu kwa mama halikuwa maandishi. Alipiga simu siku ileile, dakika 25, baba akiwepo. Ombi la kamera halikubezwa: alirudia orodha ya dalili za hatari swali kwa swali, zote bado hapana, akasema wazi kamera ingetafuta nini na ni dalili ipi ingeifanya ihitajike. Kisha akaomba wiki mbili kwa masharti mapya.

Rekodi ya kila siku ilifungwa kwenye mfumo. Maumivu yakaulizwa mara moja kwa wiki, siku moja maalumu, na mtoto mwenyewe. Masomo ya mtoto yakahamishiwa saa 11 jioni, mama akiwa chumba kingine. Asipomaliza, hayamaliziwi na mtu, na mtaalamu atajua. Kukiwa na siku tano bila kuingia, mtaalamu anapiga simu badala ya kutuma ukumbusho wa tatu. Majibu ya mtaalamu nayo yakabadilika. Yaliyotangulia yalikuwa "Hongera sana, endelea hivyo!", ambayo mtoto huyapokea kwa furaha siku ya kwanza na kutoyasoma siku ya nne. Mapya yalikuwa na sehemu tatu, mistari sita kwa jumla: kitu kimoja mahsusi alichofanya, swali moja kuhusu alichotabiri na kilichotokea, na zoezi linalofuata likiwa na siku, saa na mahali.

Mazoezi yenyewe yaliandikwa upya kwa utabiri. Kabla ya kuanza, mtoto anaandika kitu kinachoweza kuonekana kuwa kweli au si kweli. "Nitaumwa sana" haifai, kwa sababu kila mara itakuwa kweli. Alichoandika binti ni: "Nikinywa maziwa nusu glasi, ndani ya nusu saa maumivu yatafika 9 na nitatapika." Zoezi haliishi maumivu yakiisha, kwani yanaweza yasiishe. Linaisha utabiri ukishajibiwa, kwa hiyo muda unawekwa mapema: dakika 40, mezani, anachora, hakuna choo, hakuna chupa ya moto, mkono uko juu ya meza. Siku ya pili yake ujumbe uliingia saa 11:20 jioni, na safari hii hakuna aliyeuliza nani kauandika:

"Shikamoo daktari. nimekunywa yote. Lilianza kuuma nikasema sasa natapika lakini sikutapika. Lilifika 6. Mara ya pili lilifika 6 tena lakini nilikuwa nachora farasi nikasahau kuangalia saa. Kesho naweza kunywa glasi nzima?"

Kurudia ndiko kunakofundisha. Maziwa yalifanywa mara tano ndani ya siku nane, sehemu tofauti, mara moja asubuhi kabla ya shule, kwa sababu hofu iliyotulia mezani nyumbani huamka tena darasani. Baada ya hapo tabia za kujilinda zikatolewa moja moja: choo mara moja kabla ya kutoka, kisha dawa ibaki nyumbani, mwisho mkono. Kuzitoa zote siku moja kungemfanya agome.

Mtoto asipofanya mazoezi kabisa hata baada ya marekebisho kama haya, ipo njia nyingine ya nyumbani yenye ushahidi wake, hipnotherapia inayolenga utumbo, ambapo mtoto hutulizwa kwa maneno na kuelekezwa kuwazia tumbo lililotulia. Uholanzi, jaribio la Juliette Rutten na wenzake lililochapishwa 2017 lilihusisha watoto 260. Mwaka mmoja baadaye asilimia 62.1 ya waliosikiliza mazoezi yaliyorekodiwa nyumbani walikuwa wamefanikiwa, dhidi ya asilimia 71.0 ya waliokutana na mtaalamu. Kwa mtoto mwenye hofu kidogo na kukwepa kidogo huenda hata ingekuwa chaguo la kwanza. Huyu alikuwa na kukwepa kwingi.

Shule

Barua kwa mwalimu wa darasa ilikuwa na mistari mitano. Mtoto ana tatizo linalojulikana, si la hatari. Akilalamika, ajibiwe kwa upole na aendelee na kazi. Akizidiwa, apumzike dakika tano papo hapo darasani. Choo aende kama watoto wengine. Nyumbani asirudishwe kwa maumivu ya tumbo peke yake, ila kwa homa, kutapika au dalili mpya. Alirudi kwa vipindi vya asubuhi kwanza, kwa makusudi, kwa kuwa asubuhi ndiyo ilikuwa ngumu. Mpango wa kumwacha aingie saa nne tumbo likishatulia ungemfundisha kusubiri tumbo. Kufikia wiki ya nane alikuwa anakaa siku nzima.

Baada ya wiki 10, na baada ya miezi sita

Mwisho wa wiki ya 10 dodoso lilisoma 11, chini ya mpaka wa ugumu wa kati. Maumivu mabaya ya wiki yalikuwa 5. Ona tofauti ya mwendo: shughuli zilirudi zaidi ya nusu, maumivu yakishuka alama mbili tu tangu mwanzo. Anayepima mafanikio kwa namba ya maumivu peke yake angeiita tiba hii dhaifu, na wiki ya tano angeisimamisha. Kundi la Stockholm lilipochambua zaidi jaribio lao la watoto lilikuta kupungua kwa hofu ya dalili na kwa kukwepa ndiko kulikobeba sehemu ya nafuu ya tumbo, na ndivyo ilivyokwenda hapa: baada ya miezi sita dodoso lilikuwa 7 na maumivu 3. Muda wa mtaalamu ulikuwa wastani wa dakika 20 kwa wiki, ukiondoa wiki ya tano iliyokula zaidi ya saa moja na nusu.

Mwezi wa nne aliharisha tena kwa siku mbili. Mpango wa kurudi nyuma ulioandikwa wiki ya 10 ulikuwa kwenye karatasi moja: siku za kuharisha ni za kupumzika na maji; siku ya kwanza bila kuharisha ni ya kula kama kawaida; siku ya pili ni ya shule, tumbo likiuma au lisiume. Alikosa siku tatu. Wiki iliyofuata mama alijikuta anauliza tena kila asubuhi, akaligundua mwenyewe, akafungua somo lake la pili upya.

Kulala kwa rafiki, alama 9 kwenye ngazi, hakujafanyika bado. Kumepangwa kwa likizo, bila dawa kwenye begi. Poliethilini glikoli inapunguzwa polepole chini ya daktari wa watoto, ambaye anaendelea kupima urefu na uzito kila miezi mitatu. Mstari wa ukuaji ukianza kulala, au maumivu yakianza kumwamsha usiku, kalprotektini inarudiwa wiki hiyohiyo na mazoezi yanasimama mpaka majibu yatoke.